Sare Haikutoka Zamu

"Huyu ni wewe au si wewe?"

Sista Anatolia, mkuu wa wauguzi wa kituo cha afya, alisogeza simu yake mezani. Kemilembe akatazama. Kwenye video alikuwa yeye, sare nyeupe mwilini, kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, mdomoni. Chini yake kumeandikwa: *Sista yuko kazini.*

"Ni mimi, Sista. Lakini ilikuwa nyumbani, Kishanda. Siku ya utambulisho."

"Na sare?"

"Nilitoka zamu nikakuta wageni wameshafika. Baba akasema hakuna kubadilisha nguo, wazee wana kiu. Na kwetu binti ndiye anayeonja kibuyu kwanza, mgeni aone hakina sumu. Nilionja tu."

"Mimi Mhaya, naelewa. Aliyeko Dodoma haelewi. Anaona muuguzi analewa kazini."

"Nilishatoka zamu."

"Wewe ulitoka. Sare haikutoka." Sista alivua miwani. "Maadili hayaishii getini, binti. Kesho asubuhi kamati inakuita. Wakiamini ulikuwa kazini, jina lako linapelekwa juu, na leseni uisahau."

Kemilembe alitoka nje. Akampigia Mwesiga, mchumba wake, mwalimu wa sekondari Bukoba mjini. Simu ikaita mpaka ikakata. Akaandika: *Nitafukuzwa kazi. Pokea simu.*

Tiki zikawa za bluu. Kimya.

Basi aliyeirusha ni Benigna, alijiambia. Binamu yake Mwesiga, aliyekuja na wageni na kusema mbele ya watu kwamba ukoo wao ulistahili mke mwenye digrii. Akampigia.

"Benigna, nimekukosea nini?"

"Wifi, hata salamu?"

"Umerusha video yangu. Napoteza kazi."

"Sikupendi sana, unajua. Lakini kazi ya mtu siichezei. Muulize mchumba wako. Ilikuwa kwenye status yake, halafu akaifuta."

Kemilembe alikaa chini, palepale kwenye majani.

Jioni Mwesiga alifika Kishanda, kavaa vumbi la barabarani. Walisimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Ulikuwa umependeza, nikaandika utani. Kazini, yaani kwenye kibuyu. Mtu akaichukua akaisambaza."

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Na simu yangu uliiona inaita."

"Niliogopa, Kemi. Na mimi ni mwalimu, nina maadili yangu na mkuu wangu. Kumrusha muuguzi mtandaoni na pombe mdomoni? Nikisema ni mimi, na mimi naitwa."

"Kwa hiyo kesho mbele ya kamati nizame peke yangu."

"Niambie la kufanya."

"Sikuambii. Mume wa kuelekezwa hivyo simtaki."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Hakulala.

Asubuhi, mbele ya kamati, alieleza utambulisho, akaeleza kibuyu. Mwenyekiti alitikisa kichwa.

"Maelezo yako mazuri. Lakini video inasema kazini. Nani atathibitisha hukuwa kazini?"

Angeweza kumtaja Mwesiga. Jina lilifika mdomoni, likagoma kutoka. Alianza kulia bila sauti.

"Hodi."

Mlango ulifunguliwa. Mwesiga alikuwa na shati lililonyooshwa.

"Wewe nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Mwalimu Mwesiga. Hayo maneno niliandika mimi. Alikuwa kwao, ananipokea mimi na wazee wangu. Kosa la huo utani ni langu."

"Unajua tutamwandikia mwajiri wako?"

"Najua, waitu, mheshimiwa. Nimeshampigia mkuu wangu wa shule mwenyewe, kabla sijapanda basi."

Sista Anatolia aliangalia pembeni, akajifanya anatafuta kalamu.

Kemilembe alipewa onyo, kwa sare tu. Mwesiga alipewa lake shuleni, kali zaidi. Walipotoka siku ile, getini, alijaribu kumshika mkono.

"Bado nina hasira," alisema Kemilembe.

"Najua."

"Mkononi usinishike. Shika mkoba."

Akaushika, akamfuata nyuma mpaka stendi.

Siku ya harusi, Hamugembe mjini Bukoba, Benigna alizunguka na kapu akikusanya simu za wageni, kuanzia ya bwana harusi. Kibuyu kilipofika kwa bibi harusi, mikono yake ilisita hewani. Akamtafuta Sista Anatolia kwa macho.

Sista aliikagua shela toka juu mpaka chini.

"Hiyo siyo sare yetu," alisema. "Kunywa, binti."