Tawi Lililokatwa Kibati

Siku ya kugawa hati za viwanja, Donatille Umuhoza aliwatangulia wote kufika kwenye ofisi ya Chama cha Kibati Mpya, mtaa wa Majengo, mjini Goma. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Karani Joviale aliandika jina lake kwenye kompyuta, akaliandika tena, kisha akainua uso.

"Mama, haumo."

"Simo namna gani? Niko hapa mbele yako."

"Mu mashini haumo. Mtaa wenu uko na parcelle ya Papa Hitimana na ya muzee Mulumeoderhwa. Ya katikati haina mutu."

Donatille aliketi sakafuni palepale. Tangu mlima ulipomwaga moto na kuifunika nyumba yake, alikuwa akilala na wanawe kwenye chumba cha kuazima, akikingoja kiwanja hicho cha Kibati, nje ya mji. Na kanuni ya chama haikuwa na huruma: kiwanja kisicho na mwenyewe saa tisa alasiri, saa ya kugawa hati, hupewa familia iliyo mbele kwenye foleni. Aliyekuwa mbele ni Havugimana, ndugu wa marehemu mumewe. Wanasema damu nzito kuliko maji, lakini hawa wawili hata salamu walikuwa wameacha kupeana.

Kambere, katibu wa chama, alimpigia simu Gisèle Bashige. Baada ya muda mfupi mama huyo akashuka kwenye pikipiki, mkoba wa kompyuta kifuani, uso mkavu kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Hakuwa polisi. Alikuwa mwandishi wa programu, mzaliwa wa Bukavu, aliyeiamini akili yake kuliko kelele za watu, na mara nyingi hakujuta.

Yeye ndiye aliyeiandika Kijia. Kijia ni maktaba, ila usitafute vitabu humo: ni furushi la programu lililoandikwa mara moja, ili kila atengenezaye programu yake alichomeke ndani badala ya kuanza upya. Parokia hulitumia kwa rekodi za ubatizo, zahanati kwa wagonjwa, na chama hiki kwa viwanja. Kumbukumbu zikipangwa kama mti, wenye shina, matawi na vitawi, wewe unaiandikia Kijia njia ya kupita, nayo inakufikisha kwenye tawi unalotaka. Hapo unasoma, unabadilisha au unakata. Na kila ukikata, Kijia huitunza njia uliyoiandika, iwe alama ya kilichofanyika.

Gisèle alifungua alama hizo. Jana jioni, karibu na saa ya kufunga ofisi, mtu alikuwa amekata tawi kwa njia hii:

kibati/mtaa-wa-kanisa/familia[2]

"Si hitilafu," alisema. "Ni mkono wa mutu."

"Mutu gani?" Kambere aliuliza.

"Hilo haisemi. Wote munatumia mot de passe moja, ile neno ya siri, na mumeibandika ku ukuta."

Kambere alitazama ukuta, kisha akatazama viatu vyake.

Gisèle alikuwa na nakala ya mti ule, ya wiki iliyopita, na ndani yake Donatille alikuwemo. Alidhani mambo yameishia hapo. Lakini Havugimana, ambaye alikuwa amekwisha kufika na kusimama mlangoni, alikataa.

"Hiyo copie ni yako, mama. Nitajua aje kama haukumuongeza weye? Donatille alisema mbele ya famille atarudi Rutshuru kwa baba yake. Alijiondosha."

"Nilisema ile siku ya matanga," Donatille alijibu. "Nilikuwa ninalia."

Kambere alijipangusa jasho. "Mama Gisèle, comité haiwezi kuchagua kati ya mti na mti. Uniletee mwenye alikata, na sababu yake, mbele ya saa tisa. Kama hapana, mti wa mu mashini ndio utabaki."

Basi macho yote yakamgeukia Havugimana, maana ndiye angefaidi.

"Jana jioni ulikuwa wapi, papa?" Gisèle aliuliza.

"Rutshuru, kununua maharagi. Nimefika na camion hii asubuhi. Chauffeur eko pale inje, umuulize."

Dereva aliulizwa, akakubali. Hata hivyo Gisèle alijua kwamba aliye mbali anaweza kumtuma aliye karibu. Kilichomzuia kumshika Havugimana ni ile njia yenyewe. Kijia hukubali jina la mtu, na jina halina utata. Anayemchukia Donatille angeandika jina la Donatille. Huyu aliandika namba, kama mtu aliyekitazama kiwanja kwa mahali kilipo, na mwenye kiwanja hakumhusu.

Waliogusa kompyuta ile walikuwa watatu: Kambere, Joviale, na Théogène, fundi kijana aliyeajiriwa miezi michache nyuma. Kambere alisema alikwenda mazoezi ya kwaya. Joviale alisema walitoka pamoja.

"Tuliacha Théogène peke yake," aliongeza. "Alikuwa anabandika namba ku viti."

Gisèle alimkuta Théogène uani chini ya hema, akibishana na mzee mmoja aliyekuwa amesimama mbele ya kiti cha kwanza.

"Mutoto, miye sikalie sifuri. Sifuri ni kiti ya mutu gani?"

"Muzee, kuhesabu kunaanziaka pale."

"Kwenu labda."

Gisèle alicheka, akamwachia mzee kiti cha pembeni na kuketi mwenyewe kwenye kiti cha sifuri.

"Théogène, jana jioni ulibaki peke yako?"

"Nilibaki na viti, dada. Lakini usipoteze wakati na batu. Shida ni ile Kijia yako. Unaionyesha tawi moja, inakata ya pembeni. Nimeisha kumwambia Papa Kambere niandike yangu, hii mubaya tuitupe."

Alisema bila kupepesa jicho, na Gisèle aliona kwamba kijana anayaamini maneno yake mwenyewe. Matusi hayo yalimchoma, hakuna haja ya kuficha. Alitaka kujibu, lakini Joviale alikuwa akipita na kreti ya soda, akamtangulia.

"Ataandika saa gani, na duka yake ya téléphone inangoja? Mbao zimeisha kununuliwa."

"Duka iko wapi?" Gisèle aliuliza.

"Anasema ku barabara ya Rutshuru. Kona ya muzuri, siku moja atatuonyesha."

Théogène alicheka kidogo, akainamia viti vyake. Gisèle alihesabu viti kwa kidole, kuanzia kile cha sifuri alichokalia. Kisha akaenda kumuuliza Kambere kuhusu kiwanja cha tatu cha mtaa ule, kile cha mzee Mulumeoderhwa, kinachopakana na barabara hiyo.

"Kikikosa mwenyewe, kinaenda ku foleni?"

"Hapana. Kona inabaki ya chama, tunapangisha kwa mwenye duka."

"Na muzee eko wapi?"

"Bukavu, wanamutunza macho. Leo hatakuya."

"Aksanti," alisema Gisèle. "Sasa unipatie kitambaa cheupe na projecteur."

Karibu na saa tisa hema lilijaa. Gisèle aliuonyesha mti wa nakala yake kwenye shuka lililotundikwa, akasimama mbele ya watu.

"Théogène anasema kazi yangu ni mubovu. Mutu akisema vile, ninamupatia nafasi aonyeshe. Théogène, andika njia ya kufika kwa muzee Mulumeoderhwa. Kwa namba."

Kijana alikuja kwa mwendo wa mshindi. Aliandika familia[2], akabonyeza. Kwenye shuka likatokea: Umuhoza Donatille.

"Munaona?" aliwaambia watu. "Ninaomba kona, inaniletea ya pembeni."

"Joviale, andika na weye."

Joviale aliandika familia[3]. Likatokea jina la Mulumeoderhwa.

Théogène alilitazama lile shuka.

"Kijia inahesabu kutoka moja," Gisèle alisema, "sawa vile mutu anahesabu batoto bake. Joviale na Papa Kambere niliwafundisha kwa kupanga maparachichi ku meza. Weye ulikuya nyuma, na masomo yako yalikuzoeza kuanza na sifuri, kama luga nyingi za mashini. Ile si kosa. Lakini asubuhi uliniambia Kijia inakata tawi ya pembeni. Hapa kila mutu aliamini tawi lililokatwa ndilo lilitafutwa. Weye tu ulijua kwamba lilitafutwa lingine. Nani alikuambia?"

Mzee aliyekataa sifuri alishusha soda yake.

"Nilifikiri tu," Théogène alisema.

"Ulikuwa umeijaribu. Jana jioni, mu mashini ya kweli. Ulitaka kona ya muzee kwa duka yako, sababu eko Bukavu na leo hangeuliza. Uliandika namba ili jina lake lisibaki mu alama. Halafu ukalaumu maktaba yangu."

Théogène aliketi. "Ile muzee hana haja na barabara," alisema kwa sauti ndogo. "Na Mama Donatille sikumujua hata. Sikutaka kumufanyia mubaya."

Donatille alisimama. "Ulitaka kuondosha mwingine, nikaondoka miye," alisema. "Sasa nishukuru?"

Kambere alimnyang'anya kijana funguo za ofisi na kumkabidhi kwa wajumbe wawili wa kamati wampeleke polisi. Havugimana alivua kofia, akasema tu kwamba foleni yake ataingoja, na kwamba maneno ya matanga hakupaswa kuyashika. Donatille alimsogezea kiti.

Tawi lilirudishwa mahali pake, na hati ikatiwa sahihi. Donatille aliikunja, akaitia kifuani, lakini hakuondoka. Alimgusa Gisèle bega.

"Mama, uniandikie ile njia yako. Kwa jina, hapana kwa namba."

Gisèle aliandika jina lake na kubonyeza. Kwenye shuka jeupe likatokea: Umuhoza Donatille, na chini yake majina ya wanawe, mmoja baada ya mwingine. Donatille aliyasoma yote kwa sauti, taratibu, huku machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Nimo," alisema.