Mdachi wa Mwero

Mwero wa Diani ananikera mpaka leo, na nitawasimulia kisa chake bila kumtetea.

Alikutana na Mbeyu kwenye kivuko cha Likoni, Aprili ya mwaka 1956, watu wamebanana, kuku wanalia, malori yananguruma. Mwero alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya Mzungu mmoja pale Diani. Siku hiyo alijitwika sanduku la barafu, na maji yakawa yanamchuruzikia dada wa watu aliyesimama mbele yake, amevaa gauni la maua ya manjano na viatu vyeupe vya mkanda.

“Bwana, mzigo wako unanilowesha,” Mbeyu alisema bila kugeuka.

“Niwie radhi, dada. Ni barafu.”

“Najua ni barafu. Ingekuwa asali nisingelalamika.”

Walipofika ng'ambo Mwero alikwishajua kwamba binti huyu anashona nguo katika duka moja la Msambweni, na kwamba duka lina simu. Tangu hapo simu ile haikupumzika.

Kufikia Oktoba mambo yalikaza. Mzee Kitsao, babake Mbeyu, alitaka mkwe mwenye nyumba. Dzombo, dereva wa lori, alikuwa nayo, na alikwishaleta mtungi wa tembo la mnazi, tembo la posa. Kwetu tembo hilo halinyweki hivi hivi. Binti huulizwa mbele ya wazee: tunywe, tusinywe? Akisema wanywe, ndiyo ameposwa. Mtungi wa kwanza Mbeyu aliukataa kwa ajili ya Mwero, ambaye alikuwa akilala stoo ya kazini, kati ya magunia ya viazi.

Mzungu akamwahidi Mwero: nipikie bia ya lager, nyepesi, inayong'aa, nami nitakupa usimamizi wa baa na nyumba ya vyumba viwili. Je, Mwero alimwambia Mbeyu? Hakumwambia. Alitaka kumshtukiza. Hapo ndipo ninapotamani kumzaba kofi.

Alianza na hamira ya mkate, ile ya kopo. Iliumuka haraka, ikatoa pombe nzito inayonuka unga uliochacha, Mzungu akaimwaga. Kisha rafiki wa Mzungu akaleta hamira ya Ujerumani, tope jeupe ndani ya chupa. Hii hutaka baridi na hufanya kazi polepole. Watu wa jikoni wakaibatiza Mdachi, yaani Mjerumani. Nusu yake Mwero aliitia katika maji ya kimea yakiwa bado ya moto, ikafa palepale. Alikaa chini akajilaani. Iliyobaki akaifanyia adabu: alichemsha kimea, akaacha kipoe kabisa, akaitia ndani ya jagi, akalizungushia barafu na magunia yaliyoloweshwa, akaliweka stoo karibu na mkeka wake. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu simu ya Mzungu ikalia.

“Laazizi, umepotea,” alisema Mbeyu. “Jumapili Dzombo analeta mtungi tena. Utakuja kwa baba lini?”

“Nitakuja, nyonda wangu, ila sasa siwezi kumwacha Mdachi.”

“Mdachi yupi?”

“Mgeni wetu wa Ulaya. Hawezi joto hata kidogo. Nimemweka chumbani kwangu.”

“Chumbani kwako.”

“Namfunika vizuri, nangoja aamke. Akichangamka tu, mambo yetu yamenyooka.”

“Ni mwanamke?”

Simu ilikwaruza. Sikio la Mwero likasikia: ni mwema?

“Sana,” alijibu. “Ila ana maringo.”

Simu ikakatwa. Mwero alipopiga akapokewa na Shutu, karani wa duka.

“Mbeyu amesema hayupo.”

“Kama amesema, basi yupo.”

“Mimi ni karani, Mwero. Msinitie katika mambo yenu.”

Jumapili asubuhi Mwero alivaa shati lake la pekee lililopigwa pasi ili aende Msambweni. Akainamia jagi kulichungulia, akaona vipovu viwili vitatu. Barafu ilikuwa imebaki kidogo. Akiondoka, Mdachi atakufa, na nyumba imekwenda. Akavua shati. Alijiambia kwamba Mbeyu aliukataa mtungi mara moja, na wa pili ataukataa pia.

Jumatatu Mbeyu akatokea mwenyewe mlango wa jikoni, viatu vimejaa vumbi.

“Yuko wapi huyo Mdachi wako?”

Mwero, kwa furaha yake, hata uso wa mwenzake hakuutazama. Alimshika mkono, akamwingiza stoo, akafunua gunia. Povu lilikuwa limefika shingoni mwa jagi.

“Huyu hapa. Ameamka jana. Krismasi bia iko tayari, Mbeyu, na Bwana amenipa ahadi ya nyumba, vyumba viwili. Yote haya ni kwa ajili yako.”

Mbeyu aliliinamia lile jagi, akalinusa.

“Hamira,” alisema.

“Hamira.”

“Tangu lini hamira ikaitwa yeye, Mwero?”

Mwero alicheka, akacheka peke yake. Kisha akauliza, “Mtungi wa Dzombo uliurudisha?”

“Baba aliniuliza mara tatu mbele ya wazee. Mara zote mbili za mwanzo nilinyamaza, nautazama mlango.”

“Na ya tatu?”

“Nilisema wanywe, wakanywa. Leo nilikuja tu nimwone mwanamke aliyenishinda.”