Gauni la Nyongeza

Kama una haraka, nenda kwanza kamalize shughuli zako. Habari hii haitaki kusikilizwa nusu. Imempata Felisia, mtoto wa mama yangu mdogo, na mimi Teddy nilikuwepo kwa macho yangu haya mawili, kwa hiyo asije mtu kuniambia niliota.

Ilianza siku ya kawaida kabisa, mwezi wa nane, joto la Guangzhou lile la kukufanya uoge na utamani kuoga tena hata hujajifuta. Tulikuwa kwangu Xiaobei, chumba cha ghorofa ya tatu chenye nondo dirishani, tunasonga ugali wa unga uliokuja kwenye begi la abiria. Tulikuwa wanne. Mimi napeleka nguo za watoto Mbeya. Felisia nakaa naye. Evaline wa Arusha anauza simu. Nadège wa Lubumbashi ana kiofisi cha kusafirisha mizigo pale jengo la Tianxiu, na mdomo wake ukifunguka hata wakala wa forodha anakaa kimya.

Felisia alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Alimwacha binti yake Blessing kwa bibi yake Tukuyu wakati mtoto ndiyo kwanza anajifunza kuongea, na sasa mtoto yuko darasa la kwanza, anamjua mama yake kwenye simu tu. Tiketi ilikuwa mkononi. Alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa kimoja, kumshika mwanaye.

"Lakini siondoki China nimeona masoko na kuta tu," akasema. "Nataka milima, Da Teddy. Nataka baridi ya kwetu."

Kuna hifadhi kubwa ya taifa huko kaskazini, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari, milima mitupu, misonobari na ukungu. Tukakubaliana twende kumuaga huko. Evaline akatafuta dereva, Nadège akachukua mambo ya chakula, Felisia akasema yeye na mimi tutashughulikia sare. Maana Mtanzania apange safari bila sare, kwani anakwenda msibani? Na hata msibani siku hizi tunashona.

Tukachukua kitenge cha kijani, tukaenda Kangle kwa mafundi. Kama hujafika Kangle, ni vichochoro tu, majumba yamebanana mpaka jirani anaweza kukupa chumvi dirisha kwa dirisha. Jua halifiki chini. Cherehani zinalia kila mlango, na ukikosea kona moja unajikuta umerudi ulikotoka. Tukampata laobani mmoja, yaani bosi wa karakana, tukaagiza magauni manne. Bei ikakaa sawa. Hapo ningekuwa na akili ningemshika Felisia mkono tukaondoka.

Lakini sisi tunajijua. Hatuwezi kununua kitu tukaondoka bila nyongeza. Nyanya utaongezwa, dagaa utaongezwa, kwa nini gauni lisiongezwe? Felisia akang'ang'ania. Laobani akatikisa kichwa, "meiyou, meiyou," hakuna. Mlangoni alikuwa amekaa mama yake, kikongwe, kazi yake kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo zilizomalizika. Akaweka mkasi chini. Akaongea kwenye simu, simu ikatutafsiria.

"La tano ni la nani?"

Felisia akacheka, akajibu kwenye simu ileile. "La yeyote anayetaka kwenda."

Bibi akasimama, akachukua utepe, akampima Felisia upya. Taratibu. Mabega, kiuno, shingo. Akampima hadi viganja, na mimi nikajiuliza gauni la mikono mifupi linahitaji viganja vya nini.

Tulipotoka, watu walikuwa wanachoma nguo za karatasi ukingoni mwa barabara, mashati madogo, suruali ndogo, majivu yanapaa. Jioni nikamuuliza Nadège, aliyekaa mji huu muda mrefu kuliko sisi sote. Akanijibu kwa sauti ya chini.

"Ni mwezi ya bafu babo, batu benye balisha kufa. Bale benye habana bandugu, banabapatia nguo, basisumbue batu. Mwezi hii mi sipatiake mutu nguo ovyo, Teddy."

Nikapuuza. Mimi nasali, nina Mungu wangu.

Magauni yakaja. Manne safi, la tano limeshonwa haraka haraka, ndani ya pindo zimebaki nyuzi nyeupe za bandi, zile fundi anazoshikizia kitambaa kabla hajakipitisha cherehani. Felisia akalitundika kwenye nondo za dirisha. Asubuhi yake pindo lilikuwa limelowa. Mvua haikunyesha. Akasema mimi nimemwaga maji. Asubuhi iliyofuata likalowa tena, na likawa linanuka udongo. Ghorofa ya tatu, katikati ya lami, udongo utoke wapi?

Siku moja kabla ya safari nililishusha nilikunje. Kwapani kulikuwa na jasho. Bado la moto.

Sikupiga kelele. Nilimwita Felisia, nikamshikisha. Akatoa mkono mbio, akaufuta kwenye kanga yake.

"Kesho asubuhi nalirudisha," akanong'ona. "Nitawakuta kwenye gari."

Akaondoka mapema kwa metro, amevaa sare yake, la tano kalitia kwenye mfuko. Sisi tukasubiri na dereva chini ya Tianxiu. Nikaanza kukunja uso, maana uchelewaji siupendi. Kisha nikamwona anavuka barabara, kijani kinang'aa. Akaingia, akakaa pembeni yangu.

"Umelirudisha?"

Akaitikia kwa kichwa. "Simu nimeisahau kwa fundi. Kichwa kinaniuma, Da Teddy."

Basi. Hayo tu. Felisia ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo akaegemea kioo, akanyamaza njia nzima. Nikampa andazi, akalishika mkononi. Tulipofika hifadhini bado alikuwa amelishika.

Magari ya watu yanaachwa chini, halafu basi la hifadhi linakupandisha. Juu kulikuwa na baridi ya kweli. Nadège na Evaline wakaenda kupiga picha kwenye daraja. Felisia akashika njia ya mawe peke yake, akapanda bila kuhema, kama mtu anayekwenda kuchota maji mahali anapopajua. Mimi nyuma natweta na unene wangu huu. Nikajiambia, huyu ni mtoto wa Tukuyu, milima ameikulia. Nilipomfikia alikuwa amesimama ukingoni anaangalia bonde, machozi yanamtoka.

Ukungu ukaja. Kisha mvua. Tukakimbilia kibanda cha kupumzikia wageni, mimi na yeye tu. Vipaza sauti vikaanza kutangaza kwa Kichina, na mfanyakazi wa hifadhi akapita anatupungia mkono, shukeni, shukeni, dhoruba inakuja, tunafunga.

Simu yangu ikaita.

Nikaangalia kioo. Felisia.

Nikajua ni fundi ameokota simu. Nikapokea.

"Da Teddy." Mnong'ono. "Mmeniacha?"

Nikageuza shingo. Felisia alikuwa hapo, hatua mbili kutoka kwangu, mgongo kwangu, anaangalia mvua.

"Nani wewe?" nikanong'ona.

"Mimi. Niko Kangle. Siwezi kutoka. Kila kichochoro kinanirudisha hapa mlangoni. Nimetembea tangu asubuhi. Watu hawaniangalii, Da Teddy. Nawashika mikono, hawaniangalii."

Nyuma yake nilisikia cherehani. Nikawasha video. Picha ikaja, ikaganda. Uso wa Felisia. Kijani shingoni. Nyuma yake yule bibi na mkasi wake.

Nikairudisha simu sikioni.

"Bibi anasema huyo aliye na wewe ni wa hukohuko milimani," sauti ikaendelea. "Alikuja kushona, akafia hapa, kwao hakurudi. Akibaki huko, mimi natoka. Ukirudi naye, sitoki tena. Da Teddy, nina mtoto. Usimrudishe."

Ikakatika. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena.

Honi ya basi ikalia huko chini. La mwisho.

Sasa wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka. Mmoja anaongea kwenye simu, hajashikika. Mwingine yuko hapa, amelowa, anatetemeka, ana uso wa dada yako. Ningeweza kuangalia pindo. Lile la tano lilikuwa na nyuzi nyeupe. Kuinama tu, kufunua, kuangalia. Sikuweza. Niliogopa kumgusa. Naogopa hata sasa ninavyokusimulia.

Nikafikiri, Felisia ninayemjua angekuwa ameongea siku nzima. Felisia ninayemjua asingeshika andazi bila kulila. Na yule wa kwenye simu alimtaja mtoto.

"Nisubiri hapa," nikamwambia. Sauti haikuwa yangu. "Nakwenda chooni, narudi sasa hivi."

Akageuka. Akaniangalia kama mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza.

"Sawa, Da Teddy."

Akakaa kwenye benchi. Akaweka mikono mapajani. Mimi nikashuka mbio.

Niliwadanganya wenzangu. Niliwaambia Felisia ametangulia na basi la mbele, kichwa kimezidi, amepata lifti ya kurudi mjini. Nadège akanikazia macho. "Teddy, we unatetemeka." Nikasema ni baridi. Mlango wa basi ukafungwa, dereva akaanza kurudi nyuma. Hapo kiganja kikagonga kioo changu. Alikuwa ametoka kibandani. Anatembea kando ya basi, nywele zimemlalia usoni, mdomo unafunguka na kufungika. Kioo kilikuwa na mvuke, sikusikia. Lakini nilisoma midomo yake.

"Da Teddy, mbona unaniacha?"

Nilitaka kupiga kelele basi lisimame. Nikafumba macho mpaka chini.

Tulipofika Xiaobei, taa za chumba zilikuwa zinawaka. Felisia alikuwa jikoni, sare ya kijani mwilini, simu mezani. Akanikumbatia, akalia, nami nikalia. Alisema vichochoro vilifunguka ghafla, akajikuta kituo cha metro. Nilimuuliza gauni la nyongeza liko wapi. Akasema limebaki kwa bibi. Usiku ule alikula ugali wote uliokuwa kwenye sufuria. Nikajiambia, Teddy, umechagua sawa, mshukuru Mungu.

Hata hivyo sikutulia. Kesho yake nikampa dereva kazi ya kupiga simu hifadhini, aulize kama kuna mgeni aliyebaki mlimani. Wakamjibu hakuna. Mashine ya getini inaonyesha kundi letu tuliingia wanne, tukatoka wanne. Nadège, Evaline, mimi. Wa nne sijui ni nani.

Wiki ile nikamsindikiza Felisia uwanja wa ndege wa Baiyun. Alipita ukaguzi bila kugeuka nyuma. Watu wengi hawageuki, nikajiambia.

Kwa muda mambo yakawa kimya. Mama mdogo akanitumia salamu, mtoto amefurahi, hatoki mgongoni kwa mama yake. Nikalala usingizi. Nikaanza hata kusema labda tulikula kitu kibaya siku ile.

Juzi Blessing akanipigia kwa video, kwa simu ya bibi yake. Mchana kweupe, yuko uwanjani, amevaa sare za shule. Nyuma yake mama yake amekaa mlangoni, kitenge cha kijani, ametupa macho mbali.

"Mama yako mzima?" nikamuuliza.

"Mzima. Haongeagi, mama mkubwa. Anakaa tu hapo, anakata nyuzi kwenye nguo zetu. Zikiisha anakata za majirani."

Nikamwambia ampelekee mama simu, nimsalimie. Mtoto akasogea, akapiga magoti kando yake, akanong'ona kama anayeogopa kusikika.

"Mama mkubwa, bibi amenituma nikuulize kitu."

Akafunua pindo la gauni, akasogeza simu karibu. Nyuzi nyeupe. Mishono mirefu ya mkono, imezunguka pindo lote, imelowa udongo.

"Kila siku namkatia hizi," akasema. "Kesho yake zipo. Mkasi wa bibi sasa umeisha makali. Tufanyeje?"

Nilimwangalia yule mtoto aliyemsubiri mama yake umri wake wote. Basi niliyemwacha mlimani ndiye aliyekuwa mama yake. Hifadhi imefungwa mpaka msimu ujao, na kibanda kile kina benchi moja na hakina mlango.

Mama yake akageuza shingo polepole. Akaangalia moja kwa moja kwenye simu.

"Ziacheni tu, mwanangu," nikamwambia Blessing. "Msizikate tena."