Injini Ndani ya Trekta la Chirau

Fundi Nzioka tulipakana naye shamba huko Shimba Hills, na mama yangu aliyasikia yaliyompata fundi huyo kwa Mbula, mke wa fundi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Uhuru. Wazungu wa mashamba walikuwa wakifunga virago, wakiuza walichoweza na kutupa kilichobaki, na wenyeji wakajikuta na mitambo wasiyoijua umri wala thamani. Hapo ndipo Nzioka alipopata jina. Aliizunguka mashine, akaigonga hapa na pale, kisha akakwambia ni ya aina gani, imebadilishwa nini, na ufanyeje mnunuzi asikupunje. Neno lake liliaminiwa kama la kadhi.

Asubuhi moja alipanda basi hadi Msambweni, akakodi baiskeli na kuelekea bara, upande wa Mwangulu, kwa mjane aitwaye Dama. Mumewe Chirau alikuwa amefariki kabla ya msimu wa mvua, nayo mvua haikuja. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yote, na trekta la marehemu ndilo tegemeo pekee lililobaki; alitaka kujua thamani yake aliuze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na jua."

Trekta lilikuwa chini ya banda la nyasi. Nzioka alipoliona alitabasamu. Rangi ya buluu ilikuwa imebabuka, lakini ringi za magurudumu bado zilikuwa na wekundu wake.

"Hili ni Fordson Meja," alisema. "La baada tu ya vita vya Hitla. Lilizaliwa likinywa mafuta ya taa. Lakini injini hii si yake, mama. Hii ni Perkins ya dizeli, silinda sita. Nani aliibadilisha?"

"Marehemu mwenyewe. Ile ya zamani ilikuwa imekufa."

Nzioka alilala chali akachungulia. Chirau alikuwa amekata bamba la chuma kuunganisha injini na giaboksi, akasogeza rejeta mbele, akarefusha boneti. Kazi safi kabisa. Trekta la namna hii huvuta jembe vizuri kuliko lilivyovuta lilipokuwa jipya.

"Mama, una mali hapa," alisema kwa furaha. "Aliipata wapi injini?"

"Kwenye lori lililosombwa na mto Mwena. Walilivuta maji yalipopungua, likauzwa vipande vipande."

Nzioka alichukua kitambaa akapangusa ubavu wa injini. Chini ya masizi palikuwa na kiraka cha shaba, mahali chuma kilipopasuka na kuchomelewa. Kando ya kiraka kulikuwa na herufi N, imepigwa kwa patasi, imelala ubavu.

Alikuwa ameipiga yeye, alama ya kazi yake.

Lori lile aliliendesha yeye, miaka ya mwisho ya serikali ya mkoloni. Aliyekaa kando yake alikuwa Munee, kaka yake Mbula. Mto ulikuwa umefurika, Munee akamsihi wangoje, Nzioka akalazimisha. Maji yalipolipindua lori, yeye alitoka. Munee alibanwa mguu wa kulia. Alinyoosha mkono, akaita, "Shemeji, nishike mkono." Nzioka aliushika. Kisha maji yakapanda, naye akauachilia.

Maiti haikuonekana. Nzioka aliwaambia watu kwamba yeye alikuwa amelala Lunga Lunga, na kwamba Munee alilewa akaiba lori. Mbula aliamini. Tangu siku hiyo hakumtaja kaka yake mbele za watu, na wageni wakimtaja aliinamisha kichwa.

"Mbona umekaa kimya, fundi?" Dama aliuliza. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Au umeisikia?"

"Kusikia nini?"

"Inaita. Marehemu alikuwa akiisikia jua likiwa utosini. Mimi nikidhani ni homa. Alisema imezimwa, haina hata betri, lakini inaita mtu."

"Inamwita nani?"

"Haitaji jina. Husema tu, 'Shemeji.'"

Nzioka aliinuka. Alichowaza wakati huo si mjane wala njaa yake. Aliwaza mnunuzi, na macho ya watu, na herufi ile.

"Mama, nilikosea," alisema bila kumtazama. "Injini hii imekufa ndani. Ni chuma chakavu. Uza kwa uzito, waikatekate. Hata leo."

"Umesema sasa hivi nina mali."

"Nilikosea."

Mjane hakubishana. Alisema anakwenda kumletea maji ya kunywa, akaenda zake taratibu kama mtu aliyepigwa.

Nzioka akatoa patasi upesi. Alitaka kuifuta ile herufi. Uwazi kati ya injini na fremu ulikuwa mwembamba, akapenyeza mkono hadi kiwiko. Jua lilikuwa utosini. Hakuna ndege aliyelia.

Chuma kilikuwa baridi.

Akasikia tone. Jingine. Alitazama chini. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yakitoka chini ya injini, na rejeta ilikuwa kavu. Pangaboi ya injini ikajizungusha kidogo. Ikatulia. Ikajizungusha tena. Ndani ya silinda kitu kikavuta pumzi.

"Shemeji."

Alitaka kuchomoa mkono. Haukutoka. Vidole vilikuwa vimemshika. Vimelowa. Vinene. Alivijua.

"Nishike mkono."

Alivuta. Vikakaza. Alivuta tena, bega likalia. Maji yakafika kwenye viatu.

"Munee," alinong'ona. "Munee, nisamehe."

Vikakaza zaidi.

"Hakulewa!" Nzioka akapiga kelele. "Hakuiba! Usukani niliushika mimi! Nilimwachilia mimi!"

Mkono ukatoka. Akaanguka chali vumbini. Chini ya trekta hapakuwa na maji.

Dama alikuwa amesimama nyuma yake na kata ya maji mkononi.

"Huyo Munee ni nani?"

"Kaka wa mke wangu."

Dama aliinamisha kata, akayamwaga maji chini, polepole, mpaka tone la mwisho. "Sasa niambie tena kuhusu trekta langu."

Akamwambia kweli yote: aina yake, uzuri wa kazi ya Chirau, na bei ambayo asikubali kushuka chini yake. Alisema akiwa amekaa vumbini, macho chini, kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

Alifika nyumbani jua halijazama. Mbula alikuwa amekaa nje mlangoni, hajawasha moto. Nguo zake mwenyewe zilikuwa zimekunjwa vizuri kando yake.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipiga magoti. "Mke wangu, kuna jambo la Munee..."

"Nimeshalisikia."

"Kwa nani?"

"Kwake." Mbula alisema kwa sauti ya chini sana. "Alikuja adhuhuri. Nilimpa kiti. Hakutaka chai. Amesema amekuachilia."

Nzioka alishindwa kuinua uso.

"Mimi bado," Mbula akasema.

Kesho yake Mbula alisafiri kwenda kwao Machakos kulisafisha jina la kaka yake, na ilipita miaka kabla hajarudi. Trekta lilinunuliwa kwa bei ile ile, likalima mashamba mengi wala halikumsumbua mtu. Nzioka hakuthamini tena mashine ya mtu yeyote.

Lakini mama yangu aliingia nyumba ile. Mbele ya kiti alichopewa Munee, kwenye sakafu ya saruji, kulikuwa na unyevu wa nyayo mbili zilizoelekea mlangoni, na wa kulia umepinda. Nzioka alibomoa sakafu akamwaga saruji mpya. Unyevu ukarudi. Hata Januari, visima vyote vya mlimani vikikauka, ukipitisha kidole hapo ulikitoa kimelowa, na mchanga wa mto umeganda kuchani.