Pumzi Ndani ya Tangi

Paipu ya mafuta ilinuka mdomo. Haikunuka dizeli, ilinuka mdomo wa mtu aliyelala muda mrefu na hajapiga mswaki. Fundi alikuwa chali chini ya pikapu ya kaka yake, ametoka kupuliza paipu inayokwenda kwenye tangi, na alipoitoa kinywani ili apumue, paipu ikampumulia usoni. Pumzi yenyewe ilikuwa ya uvuguvugu, ndefu. Akatema mate, akajifuta kwa mkono wa ovaroli, akajiambia ni mvuke wa jua kali. Fundi anayetaka kumaliza kazi hakosi cha kujiambia.

Ugonjwa wa gari lile ulikuwa wa kuudhi. Tambarare lilikwenda vizuri, ila likifika mlimani liliishiwa nguvu ghafla. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho, na lenyewe linajikongoja tu. Ukilizima ukasubiri kidogo, linawaka na kuondoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ugonjwa wa kuja na kuondoka namna hiyo ndio unaowazeesha mafundi, maana gari likifika gereji linakuwa zima. Alibadilisha filta. Akapima nozeli, akakagua pampu, akapapasa mipira ya hewa akitafuta ufa. Vyote vilikuwa vizima. Kilichosaidia ni kuchomoa paipu ya tangi na kupuliza kwa mdomo kurudisha nyuma, kama mafundi wanavyofanya wakihisi uchafu umeziba njia ndani. Akipuliza, gari linapona. Haipiti wiki, kaka mtu amerudi.

"Hili tangi lishushwe, kaka," Fundi alimwambia. "Tulioshe. Kuna kitu humu."

"Mizigo ya watu inaningoja. Wewe puliza tu, mdogo wangu. Mbona ukipuliza linakubali?"

Fundi akapuliza. Huyu kaka ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na hakuacha siku ipite bila kulitaja hilo. Alikuwa mtu wa wema wenye risiti. Mke wa Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kibonge kwa ajili ya mtoto wao mnene wa miezi michache, hakumpenda shemeji yake na wala hakujisumbua kuficha.

"Amekulea, sawa," alimwambia mumewe. "Kwani amekununua?"

Fundi hakujibu. Alikuwa ameanza kutojibu mambo mengi siku hizo, na mkewe mwanzoni alidhani ni ukaidi, mpaka alipogundua kwamba mwanamume yule alikuwa hana pumzi ya kumaliza sentensi. Alibeba betri kutoka mlangoni hadi kwenye benchi akakaa chini, midomo imegeuka rangi ya majivu. Usiku alilala vizuri, kisha kifua kilisimama, na mkewe akabaki gizani akihesabu mpaka anashindwa na kumtikisa kwa mikono miwili. Hospitali walimpiga picha wakasema kifua ni safi. Safi! Mama Kibonge alitoka pale na hasira za kutosha kuchemsha maji.

Ndipo akampeleka kwa Bi Mkaa, bibi aliyeuza mkaa barazani na kutibu watu ndani. Bi Mkaa alinawa mikono, akaweka sikio kifuani kwa Fundi, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mjukuu wangu, unapuliza nini?"

"Matangi ya magari, bibi. Ndiyo kazi."

"Na unachokipuliza, kinakurudishia?"

Fundi akaikumbuka ile harufu. Aliinamisha kichwa, na mkewe akajua.

"Jini akikaa mahali patupu muda mrefu, pameshakuwa kwake," Bi Mkaa alisema, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Mmemjazia nyumba yake mafuta. Amekasirika. Anabana njia, wewe unampa pumzi yako, anashiba, anaachia. Sasa amezoea. Ile injini ndiyo mapafu yake. Usipulize tena, hata ukililiwa."

"Na asipopewa, bibi?" Mama Kibonge akauliza.

"Atachukua mwenyewe, kwa aliye karibu." Akamtazama Kibonge aliyelala mgongoni kwa mama yake. "Akipata nafasi ya kuchagua, ya mtoto ni tamu zaidi."

Kaka alipoleta tena gari, alimkuta shemeji yake amesimama katikati ya geti la nyumba yao, ambayo uani ndiko ilikokuwa gereji, mikono kiunoni.

"Shemeji, hili tangi ulilitoa wapi?"

"Dukani."

"Duka gani linauza tangi lina kutu na mikwaruzo?"

Kaka akageukia upande. Alizunguka, akakohoa, mwisho akasema. Tangi lake la zamani lilikuwa limetoboka, na kuna lori lililotumbukia korongoni zamani, limekaa huko bila kuguswa na mtu, tangi bado gumu. Akalifungua akalifunga kwake. Lilipoanza kusumbua alikwenda kwa fundi mwingine, ng'ambo ya mji, huyo fundi akawa ndiye analipuliza.

"Yuko wapi huyo fundi?"

"Alifariki."

"Kwa nini?"

"Pumu. Watu wanakufa kwa pumu kila siku, shemeji."

"Ulijua! Ulijua, ukamletea mdogo wako!"

"Sasa ningempelekea nani?" kaka akafoka. "Mtu baki angekataa."

Fundi alikuwa nyuma ya mkewe, na aliyasikia yote. Alilishika geti akalifunga taratibu, kaka yake akiwa upande wa pili, na hilo lilikuwa jambo ambalo hajapata kulifanya tangu azaliwe.

Siku zilizofuata rangi ilianza kumrudia. Akala, akalala, akamrusha Kibonge juu na kumdaka. Mama Kibonge akathubutu kucheka.

Kisha jioni moja, jua limezama lakini taa hazijawashwa, wakaisikia pikapu ikipanda mtaa. Ilikuwa ikijikongoja, inakohoa, inakaribia kuzima na kuamka tena, mpaka ikafika getini na kusimama ikiunguruma kwa shida.

"Mdogo wangu," kaka aliita, akihema. "Nakufa. Puliza mara moja tu."

Fundi akainuka. Mkewe akamshika ovaroli.

"Mdogo wangu, mimi nilikulea. Nilikubeba. Nafumba macho... nasikia linanivuta..."

"Usiende," Mama Kibonge akanong'ona. "Baba Kibonge, ukienda nitakuzika."

Fundi alisimama palepale machozi yakimtoka, naye kaka akalalama, akatukana, akaomba tena, kisha wakasikia spana ikigonga chuma, wakasikia mtu mzima akitambaa kwa kishindo chini ya gari, na wakajua anachokwenda kukifanya kwa sababu hakuna kingine alichobakiwa nacho. Alipuliza. Ikafuata kimya, halafu injini ikapanda sauti yenyewe, nyororo, yenye nguvu, bila mguu wa mtu kwenye mafuta, jinsi ambavyo haikuwahi kusikika tangu ije gereji.

Hatua zikaja getini.

"Shemeji nifungulie nimepona kabisa sasa sina tena shida na mtu na wala sikuja kugombana nimekuja tu kumwona mtoto maana toka azaliwe sijambeba na mtoto wa mdogo wangu si ni mtoto wangu nifungulie nimbebe kidogo tu anapumua vizuri sana huyo mtoto namsikia kutoka hapa namsikia anavyovuta na kutoa na kuvuta..."

Sauti ilikuwa ya kaka, adabu ilikuwa ya mtu mwingine, na Mama Kibonge, nywele zikimsimama, akatambua kilichokuwa kinamtisha kuliko maneno yenyewe: yule mtu alikuwa anasema na kusema bila kukatisha hata mara moja ili avute pumzi, na kila sauti yake ilipopanda injini nayo ilipanda, na ilipotulia injini nayo ilitulia, na pazia la mlango wa chumba, jioni ile isiyo na upepo hata wa kutikisa jani, lilikuwa limevutwa kuelekea nje, limenyooka, halirudi, na ndani ya kanga Kibonge alikuwa amefungua mdomo kama anayetaka kulia na hakutoa kilio.

"Anachukua," Mama Kibonge akasema. "Anamchukua!"

Fundi alimtazama mwanawe, akalitazama geti, akaokota spana.

"Msemeshe," akanong'ona. "Msemeshe tu."

Akatokea mlango wa jikoni, akazunguka nyuma ya uzio wa mabati akiinama.

"Subiri shemeji!" Mama Kibonge akapaza sauti, akimpiga mtoto mgongoni kwa kiganja. "Natafuta ufunguo. Karibu sana. Huu ufunguo jamani sijui nimeuweka wapi!"

"Tafuta taratibu shemeji mimi sina haraka tena mimi nimepata muda wote wa kusubiri..."

Chini ya pikapu Fundi alikuwa ametambaa mpaka kwenye tangi. Lilikuwa linapanuka na kusinyaa, chuma kabisa, kama ubavu. Dizeli ni mashine ya ajabu. Vumbi inastahimili, maji kidogo inastahimili, lakini hewa ikiingia kwenye njia ya mafuta inakufa papo hapo. Kazi yake yote alikuwa akihangaika kuitoa hewa humo. Kutoka alipolala aliiona miguu ya kaka yake getini, viatu vile vile vya ngozi alivyokuwa akimwangalia akivipiga rangi alipokuwa mdogo, na kwa kitambo kidogo mkono wake uligoma. Kisha akamsikia mkewe ndani akipiga ukelele wa jina la mtoto.

Akaichomoa paipu.

Injini ilikohoa, ikapwaya, ikazima. Ndani, pazia lilianguka mahali pake, na Kibonge akalia kilio kikubwa, kizuri, ambacho Mama Kibonge alikipokea kwa kupiga magoti.

Getini miguu ililegea. Kaka alianguka kifudifudi, uso ukaelekea chini ya gari, na macho yake yakakutana na ya Fundi. Yalikuwa macho yake mwenyewe.

"Mdogo wangu," alisema, akihema kama mtu yeyote aliyechoka. "Mbona... mimi bado nilikuwemo?"

Fundi alitambaa kumfuata, akamshika kichwa, akamwita kaka, kaka, kaka. Yule mtu akavuta pumzi, pumzi ya kawaida kabisa ya binadamu, na hakuitoa.