Barua Iliyokaa Kihengeni

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi hii imenionyesha mengi. Nimeona wazazi wakiuza madaftari ya watoto wao, nimeona baba akilewa kwa ada ya mwanawe. Lakini hili la nyumba ya Mzee Mogesi lilinishtua kuliko yote, kwa sababu ndani yake hamkuwa na mlevi wala mtu mwenye roho mbaya.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka 1975, hapa Gorong'a. Mvua ilikuwa imetutendea wema, mahindi yalifika magotini, na ng'ombe walirudi malishoni wameshiba. Jumapili ile, baada ya ibada, niliketi na Mzee Mogesi mbele ya nyumba yake tukinywa uji wa ulezi. Mkewe, Mama Nashoni, alikuwa ameshuka mtoni. Nikatoa barua mfukoni. Nilikuwa nimeichukua posta Tarime siku iliyotangulia, kwa maana barua zote za kijiji zilikuja kwa sanduku la shule yetu.

Barua ilikuwa ya Nashoni, mtoto wao wa kwanza. Kijana huyo alikuwa amemaliza digrii ya sayansi Chuo Kikuu, kemia na elimu ya wanyama. Alipokuwa anaomba masomo ya juu hakujua serikali ingempangia kazi wapi, kwa hiyo aliandika anwani ya nyumbani. Baadaye akapelekwa kufundisha sekondari moja upande wa Serengeti, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Barua ikaja kwa baba.

"Fungua, Mwalimu," Mzee Mogesi aliniambia. "Mimi ndiye mwenye mji huu. Soma polepole."

Nilisoma, nikatafsiri kutoka Kiingereza, nikapaza sauti. "Mzee, Nashoni amechaguliwa! Ni vijana sita tu nchi nzima. Atakwenda ng'ambo miaka miwili kusomea magonjwa ya mifugo, na akirudi ataingia maabara ya utafiti. Fomu hii aijaze, aitie sahihi, ifike wizarani kabla ya tarehe thelathini Juni."

"Magonjwa ya mifugo. Hata ndigana?"

"Hata ndigana."

Mzee alifumba macho. Mwaka fulani ndigana ilimaliza ndama wake wote kwa wiki mbili, na Nashoni, wakati huo akiwa darasa la tano, alimfuata kila mtu akimwuliza kupe anaua vipi mnyama mkubwa hivyo. Swali hilo ndilo lililompeleka mpaka Chuo Kikuu. Nilidhani mzee angepiga kelele za furaha. Badala yake alitazama kushoto na kulia, akaniwekea mkono mdomoni.

"Mwalimu, nyamaza. Usimwambie mtu, hata mama yake."

Ili mnielewe, lazima niwakumbushe jinsi tulivyokuwa tunaishi. Zamani boma la Mzee Mogesi lilikuwa peke yake kule mlimani. Operesheni ya serikali ya kuhamia vijijini ilipotuleta kwenye nyumba za mistari, alijikuta hatua ishirini kutoka kwa Heche, dereva wa lori la ushirika, mtu wa ukoo mwingine. Heche akikohoa, Mzee Mogesi anasikia. Na kwa bahati mbaya, asubuhi moja Heche alisimama akamsifu ng'ombe wa mzee, na juma lile lile ng'ombe yule akakata maziwa. Basi, tangu hapo mzee akaamini Heche ana jicho baya.

"Mimi ng'ombe wangu akiwa na mimba simtangazi mpaka ndama asimame," mzee alininong'oneza. "Sasa nimtangaze mtoto? Macho ya watu hapa ni mengi. Nashoni atakuja likizo mwezi wa sita. Nitampa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Lakini mzee, kuna tarehe. Nipe niitume kwa posta."

"Posta kuna watu wangapi wanaoshika barua? Wote unawajua mioyo yao?"

Nilinyamaza. Alikuwa mtu mzima, nami huwa namwamkia shikamoo. Niliona si adabu kubishana naye mbele ya mlango wake. Mwezi wa tano nikaitwa Musoma kwenye mafunzo ya elimu ya watu wazima, nikakaa huko miezi miwili. Mambo ya barua nikayaacha huko nyuma, nikijipa moyo kwamba yamekwisha.

Niliporudi, nilikuta mbuzi amechinjwa kwa Mzee Mogesi. Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai. Nashoni alikuwa amefika jana yake. Likizo ilikuwa imeanza zamani, ila walimu na wanafunzi walibakizwa kuvuna pamba ya shamba la shule. Wazee walikaa, majirani walialikwa, Heche naye alikuwepo kwa sababu ingekuwa aibu kumwacha. Tulipokwisha kula nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ya mbuzi, Mzee Mogesi aliingia kihengeni anamohifadhi nafaka, akatoka na kifurushi cha ngozi ya mbuzi. Alikuwa anacheka peke yake. Sijapata kumwona mzee yule na furaha kama ile.

"Mura, kijana wangu, leo uko mbele yangu, hakuna atakayekuwahi," alimwambia mwanawe. "Pokea mali yako."

Nashoni alifungua ngozi, akaitoa barua. Alisoma, akarudia kusoma. Mimi nilikumbuka tarehe thelathini Juni.

"Baba, hii ilifika lini?"

"Mwezi wa nne! Nimeitunza."

"Imepita, Baba. Siku yake imepita."

Mzee Mogesi aliendelea kutabasamu. "Imepita wapi? Si hiyo hapo mkononi mwako? Hakuna hata panya aliyeigusa."

Jamani! Maneno yale yalinichoma. Kwa mzee, nafasi ilikuwa ile karatasi. Maadamu karatasi ni nzima, nafasi ni nzima. Nashoni alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi. "Nilidhani wamenikataa," alisema. "Miezi yote nilijiuliza nilikosea wapi. Niliona hata aibu kuandika niwaulize."

Mama Nashoni alidondosha bakuli. "Mogesi, umemfanyia nini mwanangu? Na mimi ulinificha?"

"Nilimlinda!" mzee alijibu kwa ukali. "Nilimlinda na macho ya watu."

"Ulimwogopa nani, Baba?" Nashoni aliuliza.

Mzee hakutaja jina. Lakini macho yake yalimponyoka yakaenda kwa Heche, na kila mtu pale aliona.

Heche alisimama. Ni mtu mkubwa, mwenye kelele, lakini siku ile alisema kwa upole. "Kumbe ni mimi. Mzee, mwezi wa sita nimepita Issenye, anakofundisha mwanao, na lori mara tatu kuchukua pamba. Nashoni alinipa chai nyumbani kwake. Ungenipa hiyo karatasi ningeibeba kifuani." Akapangusa uso. Kisha akamshika Nashoni mkono, akamwinua. "Twende Tarime sasa hivi, tukatafute simu. Pengine watatuonea huruma."

Waliondoka na lori nami nikapanda nyuma. Posta walikuwa wamefunga, tukalala mjini hadi Jumatatu, na asubuhi ile Nashoni akaipata wizara. Alizungumza dakika chache tu. Walimwambia kwamba kwa kuwa hakujibu, walichukulia hataki, na nafasi akapewa mwingine aliyekuwa wa saba. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wanatoa masomo hayo kwa mara moja tu. Nashoni aliweka simu chini, akawashukuru watu wa posta kwa adabu, akatoka nje akalia mbele ya watu wa sokoni, mwanamume mzima mwenye digrii. Heche alimzibia kwa koti lake.

Hayo yamepita miaka minane. Nashoni bado anafundisha, na anafundisha vizuri. Kufundisha si aibu, nami ni mwalimu. Ila swali lake la kupe analijibu mtu mwingine. Nyumbani huja kila mwaka, huleta sukari na sabuni, humwamkia baba yake kwa heshima zote. Lakini habari zake hamwambii tena. Alipopata mchumba tulisikia kwa watu. Alipougua akalazwa mwezi mzima, mzee alijua akiwa amekwisha pona. Mwezi uliopita Mzee Mogesi alinijia shuleni, akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Mwalimu, kwa nini mwanangu ananificha mambo yake?"

Nilimpa kiti.

FUNZO

Wazazi, nafasi ya msomi ina siku yake, na siku hiyo haingoji mbuzi achinjwe. Mwanao akiandikiwa barua, mfikishie juma hilo hilo, ukimwogopa jirani umwogope baadaye.

Nanyi vijana mliosomea sayansi, msione haya kuuliza. Mkihama kazi, waandikieni wakubwa anwani mpya, na kimya kikizidi andikeni tena. Wakikukataa, wakukatae kwa maandishi, usijikatae mwenyewe.

La mwisho ni langu. Tarehe niliijua, nikaiona, nikaisoma kwa sauti, kisha nikanyamaza nikijiita mtu wa adabu. Baiskeli yangu ilikuwa nzima. Kwa hiyo mkimlaumu Mzee Mogesi kwa barua ile, anzeni na mimi, maana yeye hakujua kusoma.