Gramafoni Bado

Kitendawili. Semeni tega.

Hula fedha tu, na akishiba anapasuliwa tumbo.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Iringa. Nimekwenda, nimeshukia Ipogolo, nimekula makande nikashiba, nimerudi. Jibu ni kopo la akiba. Na kopo la Sedekia, seremala wa Uyole, lilikuwa limeshapasuliwa mara tatu siku ile Atuganile, mchumba wake, alipokuta jingine jipya juu ya benchi lake la kazi.

"Sedekia, si ulisema lile ndilo la mwisho?"

"Lile lilikuwa la taa ya karabai. Hili la gramafoni."

"La nini?"

"Fundi mwenzangu Danieli alipooa kule Iringa, watu walicheza santuri siku mbili. Mimi nioe kimya kama mtu anayezika paka?"

Atuganile alivuta pumzi. Mwaka wa tatu huu anangoja harusi.

"Kwanza ulisema koti. Koti likaja, ukasema baiskeli. Baiskeli nayo imekuja, ina makaratasi ya dukani mpaka leo, huipandi."

"Tairi zitaisha."

"Mlimani unaisukuma, mteremkoni unaisukuma. Watu wanadhani unapeleka mgonjwa hospitali."

"Waache waseme. Chai nakunywa bila sukari kwa ajili yako, Atu."

"Kwa ajili yangu? Gauni nililoshona la harusi limeanza kunibana. Wenzangu wa kwaya wana watoto mgongoni." Sauti ikamshuka. "Niambie kweli. Unanitaka mimi, au unataka watu wakutazame?"

Sedekia akaligeuzageuza kopo mkononi. Atuganile akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Majina yao ya kutangazwa ndoa yalikuwa pale tangu mwaka juzi, yakisubiri neno tu. Neno akalitoa yeye.

Jumapili Sedekia alifika amechelewa, viatu begani, maana hakuvivaa njiani visije vikalika. Alikuwa mlangoni amevaa kimoja, mchungaji akaanza kusoma:

"Natangaza mara ya kwanza ndoa ya Sedekia, mwana wa Yotamu, na Atuganile, binti wa Jailos. Mwenye pingamizi aseme sasa."

"Mimi."

Kanisa zima likageuka.

"Sedekia? Si wewe ndiye bwana harusi?"

"Ndiyo, mchungaji."

"Sasa pingamizi lako nini?"

"Gramafoni bado."

Watu walicheka mpaka wazee wa kanisa wakashindwa kuwanyamazisha. Kwenye kwaya Atuganile akafunga kitabu cha nyimbo, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Jumatatu asubuhi Sedekia alisikia kwato nje ya karakana. Mzee Jailos alikuwa anaswaga ng'ombe, na Atuganile nyuma yake ameshika fimbo, macho yamevimba.

"Kijana, pokea mahari yako. Ulileta sita."

"Baba, mbona naona tisa?"

"Ng'ombe wamezaa. Binti yangu bado yuko kwangu anakungoja. Uza uwatakao, ununue hiyo gramafoni, uioe."

Sedekia alisimama pale na randa mkononi. Ng'ombe mmoja alianza kutafuna maranda ya mbao. Kumbe fedha ya gramafoni ilikuwa mbele yake sasa, inapunga mkia.

"Twende, mwanangu," alisema mzee. "Tumemaliza."

"Ngoja kidogo, baba." Atuganile hakumtazama Sedekia, alikuwa anatazama fimbo yake. "Kuna jambo nilimwuliza huyu. Hajanijibu."

Sedekia aliweka randa chini.

"Nilitaka wanitazame," alisema. "Jana wamenitazama kanisa zima, na mimi nilikuwa naangalia ule mlango ulikotokea wewe. Nakutaka wewe, Atu. Rudisheni ng'ombe kwenu, pamoja na ndama wao. Mchungaji asome upya Jumapili hii. Nitakaa kimya."